Saa tatu za daktari wa meno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye biashara ndogo huku Marekani. Mimi ni mhasibu. Kwa miaka kumi na mmoja nimeandaa mishahara ya kampuni za usafi na nyumba za kutunzia wazee, nyingi zikiwa za ndugu zetu wa Afrika Mashariki.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo hadi leo nalikuta kwa wateja wapya. Msimamizi mmoja alikuwa na mshahara wa dola 900 kwa wiki, bila ovataimu, yaani malipo ya saa za ziada. Jumanne moja akampeleka mtoto kwa daktari wa meno, akakosa saa tatu. Bosi akaniambia, "Mkate." Nikapiga hesabu, nikakata dola 67 na senti 50. Nikajiona hodari kweli.

Sheria ya kazi ya shirikisho, ya mwaka 1938, inataka kila saa inayozidi 40 kwa wiki ilipwe mara moja na nusu. Wasimamizi, maofisa utawala na wanataaluma huachwa nje, lakini kwa masharti: kazi yenyewe iwe ya ngazi hiyo, malipo yasipungue dola 684 kwa wiki, na mshahara usipunguzwe kwa kufuata saa alizofanya. Hilo la tatu ndilo linalotuponza. Ukimkata mtu saa, umeonyesha kwa mkono wako mwenyewe kwamba unamlipa kwa saa, na wa kulipwa kwa saa ana haki ya ovataimu. Ukiufanya ndio mtindo, huponzeki kwa huyo mmoja tu. Wenzake wa cheo hichohicho chini ya meneja huyohuyo nao wanaingia, kwa kipindi chote cha makato. Madai hurudi nyuma miaka miwili, au mitatu kama ulikusudia, na deni laweza kuongezwa maradufu.

Usidhani mshahara mnono ni kinga. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi mfanyakazi wa mtambo wa mafuta baharini aliyepata zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, kwa sababu alikuwa akilipwa kwa siku.

Akikosa siku nzima kwa shughuli zake binafsi, kata. Siku nzima ya ugonjwa, kata kama una mpango halali wa kulipia siku za ugonjwa. Saa mbili tatu? Zitoe kwenye likizo yake, mshahara uuache mzima. Ukifunga ofisi siku moja kwa theluji naye wiki hiyo amefanya kazi, hasara ni yako. (Majimbo mengine, California kwa mfano, ni makali zaidi.)

Na kama umeshakata, rudisha. Andika sera inayokataza makato haya, itaje mtu wa kupelekewa malalamiko, wape wafanyakazi waisome, kisha uifuate. Sheria humvumilia mwajiri wa namna hiyo.

Bosi wangu alinung'unika, lakini msimamizi alirudishiwa pesa yake yote na sera tukaibandika karibu na mashine ya kahawa. Akaisoma amesimama, kikombe mkononi, kisha akaja mezani kwangu kuuliza kama ile Ijumaa ya theluji ya mwaka uliotangulia nayo inahesabika.

Ilihesabika.

Mhasibu,
Columbus, Ohio