Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Vifaa Endelevu na Teknolojia Mpya za Ujenzi

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, ninayo heshima kuwasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha mafundi na wataalamu wa ujenzi kwa mwaka unaomalizika. Shughuli za kawaida mnazifahamu: mafunzo ya kuchora ramani kwa kompyuta yalifanyika, maeneo ya ujenzi yalitembelewa, kamati ndogo ya usalama kazini ilikutana kama katiba inavyotaka, na hesabu zimekaguliwa. Maelezo yake yamo katika ripoti ya Katibu.

Ninalopaswa kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kutumia mfuko wa vifaa kununulia mashine za kufyatulia matofali ya udongo-saruji na vyombo vya kupimia nguvu ya tofali, badala ya kuuelekeza mfuko huo kwenye mtambo wa kuchapa kuta za zege, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta kumwaga zege tabaka juu ya tabaka. Baadhi ya wanachama wameandika kwamba uongozi unaogopa teknolojia. Tuhuma hiyo haina msingi. Ni mimi niliyeleta habari za mtambo huo mbele ya Kamati kwa mara ya kwanza, na ni mimi niliyesisitiza uchunguzwe kwa vigezo vya kitaalamu kabla ya kuguswa hata senti moja ya wanachama.

Vigezo vyenyewe ni hivi. Utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi yote inayotokana na shughuli za binadamu. Klinka, yaani vibonge vinavyosagwa kupata saruji, hupikwa katika tanuri kwa joto la nyuzi za Selsiasi 1,450 hivi, na zaidi ya nusu ya gesi hiyo haitokani na fueli bali na jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika kwa joto, kwa hiyo hata tanuri likiendeshwa kwa nishati safi gesi hiyo itaendelea kutoka. Njia ya uhakika ni kupunguza klinka. Sasa, mchanganyiko unaopita kwenye bomba la mtambo wa kuchapa hauwezi kubeba kokoto kubwa, nao lazima usimame wenyewe mara unapomwagwa. Ndiyo maana kwa kawaida hula saruji nyingi zaidi kwa kila mita ya ujazo kuliko zege la kawaida. Sikatai kwamba mtambo huokoa mbao za fomu, zile za kushikilia zege hadi ligande, na muda wa kuinua kuta, lakini msingi, paa, mabomba na nyaya hubaki mikononi mwa fundi yule yule.

Tofali la udongo-saruji, kwa upande wake, huhitaji saruji ya asilimia 5 hadi 10 tu, halichomwi, na kwa hiyo halikatiwi mti hata mmoja. Linachodai ni nidhamu: udongo upimwe kwanza, kwa kuwa wenye mfinyanzi mwingi hupasuka unapokauka, tofali lifunikwe na kutunziwa unyevu badala ya kuanikwa juani, na ukuta ulindwe na mvua kwa msingi ulioinuka na paa lililotokeza vizuri. Hapo ndipo vyombo vya kupimia vinapohitajika, na waliouliza kwa nini tulinunua vipimo pamoja na mashine wamepata jibu.

Limesemwa pia kwamba udongo ni ujenzi wa wasio na uwezo. Kauli hiyo imenisikitisha kuliko zote. Shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, ilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyoongezwa saruji, na paa lake la bati likainuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipite. Msanifu wake, Francis Kéré, alipewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, ambayo ni heshima ya juu kabisa katika usanifu wa majengo.

Uamuzi huu ulipitishwa katika mkutano halali ulioitishwa kwa barua, na akidi ilitimia kwa shida baada ya kusubiri sana. Wengi wa wanaoupinga leo hawakuhudhuria wala hawakutuma udhuru, na Mweka Hazina atathibitisha kwamba wengi wao hawajalipa ada. Mafunzo ya kupima udongo niliyoyaandaa na kuyafundisha mwenyewe yalikuwa na viti vitupu, ilhali kila mwanachama aliarifiwa mapema. Chama hakiwezi kununua mtambo wa aina yoyote kwa ada za wachache.

Kwa mwaka ujao, Kamati inatarajia kuanza kujifunza matumizi ya saruji ya mfinyanzi uliookwa, ambayo katika mchanganyiko wake unaojulikana zaidi huwa na klinka asilimia 50, mfinyanzi uliookwa 30, jiwe la chokaa 15 na jasi 5, na inaweza kupunguza kaboni dioksidi kwa hadi asilimia 40 ikilinganishwa na saruji ya kawaida. Tunatumaini pia kufufua mazungumzo kuhusu mianzi na mbao za tabaka zilizounganishwa kwa gundi, na suala la mtambo wa kuchapa litaangaliwa tena hali ya mfuko itakaporuhusu. Orodha ya ada zisizolipwa itasomwa na Mweka Hazina mara baada ya taarifa hii.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti