Pengo la gego nalo ni pengo

Mhariri,

Siku niliyong'olewa gego la chini, daktari alinipa pamba ya kung'ata, akasema, "La nyuma hili, halionekani. Liache tu." Sikuuliza kitu. Miaka ikapita. Jino lililobaki nyuma ya pengo likalala mbele, na gego la juu, kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye, likashuka hadi likawa linagusa ufizi wa chini kila nikitafuna.

Ombi langu kwa madaktari wa meno: kabla ya koleo kuingia kinywani, mwelezeni mgonjwa pengo litazibwa na nini. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hayachimbi mfupa, ila kuyazoea kunataka subira, na usiku yavuliwe yalazwe majini ili ufizi upumzike. Daraja, yaani jino la bandia linalogandishwa kwenye meno ya pande mbili za pengo, halivuliwi. Lakini ili lishike, kwa kawaida meno ya jirani husagwa yavishwe kofia, na gamba la jino likishasagwa halioti tena. Kama majirani hao ni wazima, mimi ningesita sana.

Kuna pia kipandikizi, yaani skrubu ya madini ya titani inayopandwa ndani ya taya ili ibebe jino la bandia. Mswidi Per-Ingvar Brånemark aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikana na titani, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza. Hakisagi jino la mtu, lakini mara nyingi husubiriwa miezi 3 hadi 6 mfupa ushike, na sigara au kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya kushindwa. Tena kinataka mfupa wa kutosha, na mfupa huanza kunywea mara jino linapotoka, zaidi katika mwaka wa kwanza. Hilo ndilo sikuambiwa.

Sisemi kila pengo lazima lizibwe. Gego la mwisho kabisa likitoka, wengi hutafuna vizuri bila badala yake. Basi hilo nalo lisemwe, mtu achague akijua.

Majuzi daktari mwingine alinigeuzia picha ya eksirei, akapitisha ncha ya kalamu pale mfupa ulipobonyea kama sahani. Ilimchukua dakika 5 kunieleza yote. Dakika hizo nilizihitaji kabla ya sindano ya ganzi.

Msomaji wenu