Barua kwa mwanangu Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Juzi kwenye simu nilikujibu vibaya. Uliponiambia umeandika barua ya kuacha uongozi wa wodi, nikakwambia kwetu mtu haachii kazi njiani. Ukanyamaza, ukaniaga. Tangu hapo usingizi sina.

Unaikumbuka ile picha ya sebuleni ambayo mama yako kila sikukuu anataka niishushe? Ni Kenny Dalglish, Mskoti wa Glasgow. Nilizoea kukuhadithia mabao yake tu: lile la Wembley mwaka 1978, alipomngoja kipa wa Club Brugge alale chini ndipo akaupitisha mpira juu yake, Liverpool wakatwaa Kombe la Ulaya, na lile la 1986 uwanjani kwa Chelsea, kocha huku anacheza, lililowapa ubingwa wa ligi. Timu ya taifa ya Uskoti aliichezea mechi 102.

Lililobaki sikukuhadithia. Tarehe 15 Aprili 1989, uwanja wa Hillsborough, Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanana jukwaani hadi wakakosa pumzi. Waliokufa kwa mkasa ule ni 97. Dalglish akaenda mazishi baada ya mazishi. Kuna siku alikwenda manne. Yeye na mkewe Marina wakawapokea wafiwa Anfield, uwanja wa Liverpool. Mji mzima ulimwegemea, mwanangu, na yeye hakuwa na wa kumwegemea kazini.

Februari 1991 Liverpool wanaongoza ligi. Wakakutana na Everton Kombe la FA, wakatangulia mara nne, wakasawazishiwa mara nne. Siku mbili baadaye Dalglish akajiuzulu ukocha, akasema presha imemzidi. Nilikuwa kijana, nikamkasirikia kweli. Niliona ametukimbia. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kuwa mtu yule alikuwa amechoka tangu yale mazishi.

Oktoba mwaka uleule akaibuka Blackburn Rovers, daraja la pili, na mwaka 1995 akawapa ubingwa wa England. Siku ya mwisho walicheza Anfield, wakafungwa 2-1, ila Manchester United, waliokuwa wakiwafukuzia, nao hawakushinda kwa West Ham. Watu wa Anfield wakasimama wakamshangilia Dalglish wao.

Wewe umezika wangapi wodini miaka hii miwili? Sikuwahi kukuuliza. Nisamehe, mama.

Barua yako usiiondoe. Panda basi la Ijumaa, nitakuwa stendi.

Baba yako