Risala ya Kikundi cha Wanawake Wafugaji wa Samaki, Bonde la Mto Luiche, Kigoma, Iliyosomwa kwa Mgeni Rasmi Siku ya Mavuno

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Kijiji na serikali yako,
Viongozi wa dini, wazee wetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha kazi zako nyingi ukaikubali barabara yetu jinsi ilivyo. Umefika saa ileile uliyosema, na sisi tumeliona hilo.

Kikundi chetu kilianza na akina mama 7 waliokuwa wakianika dagaa mwaloni Kibirizi. Leo tuko 22, tuna mabwawa 8 yaliyochimbwa kwa majembe yetu wenyewe. Tumeleta mapinduzi makubwa ya lishe katika kata hii, tumenunua mizani ya kisasa na cherehani 2, na watoto wa wanachama wamevaa sare zilizolipwa na sato. Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, waume zetu wakakaa nyumbani na nyavu zao, chungu cha mboga katika kaya nyingi za hapa kilitegemea mabwawa haya. Hatukulalamika, maana tunajua ziwa nalo linahitaji kuzaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mengine yote uliyoandikiwa kwenye barua ya mwaliko yanaweza kusubiri. Jambo moja haliwezi: kituo chetu wenyewe cha kuzalisha vifaranga wa samaki, kilichopangwa na kujengwa ili ugonjwa usiingie wala usitoke.

Mwaka jana tulichanga tukanunua vifaranga 3,000 kutoka mbali. Walisafiri usiku kucha kwenye mifuko ya oksijeni, wakafika wamechoka, tukawamwaga moja kwa moja bwawa la tatu. Siku ya nne mwenzetu alikwenda kulisha alfajiri akawakuta wanahema juu ya maji, macho yamevimba na kuwa meupe, ubavuni magamba yamechubuka. Tuliwaokota kwa wavu wetu wa pekee. Kesho yake, kwa wavu uleule, tukavua bwawa la nne. Wiki ya pili bwawa la nne nalo likaisha. Ugonjwa ulikuwa gani hatuwezi kusema, kwa sababu hakuna aliyekuja kuchukua sampuli, ingawa barua tuliipeleka kwa mkono na nakala yake iliyogongwa muhuri tunayo.

Tangu hapo tumejifunza, Mheshimiwa, na tulichojifunza kinatutia hofu. Kuna virusi vya sato vilivyotambuliwa Israel mwaka 2014, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulivikuta katika samaki wa Ziwa Victoria. Binadamu havimdhuru, lakini samaki aliyeugua hana dawa. Kinga yake ni ukuta, maji na nidhamu. Na sisi hatuko mahali pa kawaida. Mto Luiche unaishia ziwani, na ziwa hilo lina jamii nyingi za samaki zisizopatikana popote pengine duniani. Kifaranga mgonjwa akitoroka bwawani hapa, hasara haitakuwa ya akina mama 22 peke yao.

Ndiyo maana tumechora ramani, na utaiona ukutani. Tumechagua sehemu ya juu ambako mafuriko ya Luiche hayafiki. Jengo la karantini linasimama peke yake, upande wa chini. Samaki wazazi wapya watakaa humo wiki tatu hadi nne, wakiangaliwa kila siku, kabla ya kuwaona wenzao. Jengo kubwa lina vyumba vitatu, na kazi inakwenda upande mmoja tu: mayai, kisha vifaranga, kisha kufungasha. Aliyeshika vifaranga harudi kwenye mayai siku hiyo. Kila chumba kina wavu wake na ndoo zake za rangi yake, na kila mlango una karo la kukanyagia dawa ya klorini, inayobadilishwa kila siku. Mteja ataishia dirishani, hata awe shemeji wa mwenyekiti. Maji yanayotoka yatapita kwenye chujio na bwawa la kutulia, kisha yatamwagilia mchicha wetu. Hayatarudi mtoni.

Tunataka kuzalisha sato wa ziwa letu, yule wataalamu wanayemwita Oreochromis tanganicae. Jike hubeba mayai mdomoni. Tumeshajifunza kumfungua taya kwa kidole gumba na kumsuuzia kwenye bakuli, mayai yakatoka ya manjano kama punje za mtama. Mikono ya kazi tunayo.

Tusichokuwa nacho ni maji salama. Mgeni mmoja mwenye nia njema alituambia tutumie mtaro, kwa kuwa una maji mengi. Ni kweli ni mengi, ila ndani yake mna konokono, mayai ya samaki wa porini na uchafu wa kila shamba lililoko juu yetu. Ukiweka karantini halafu ukafungulia mtaro, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Kituo hiki kinahitaji kisima kirefu.

Na kisima hicho, Mheshimiwa, tumekwisha kuahidiwa mara mbili. Mara ya kwanza tulipigiwa makofi, nasi tukapiga vigelegele. Mara ya pili alikuja mtaalamu na mashine, akapima, akachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu akisema mitambo inafuata baada ya mwezi. Umekipita kijiti hicho kulia kwako ukiingia. Kitambaa kimepauka kimekuwa cheupe. Kila msimu tunapalilia kukizunguka ili kisipotee, na watoto wetu wamekatazwa kukigusa. Tunasema haya kwa heshima, tukijua wewe hukuwepo.

Hatuombi kufanyiwa kila kitu. Matofali 6,000 tumeshafyatua, yako chini ya turubai. Mchanga tutabeba wenyewe, na fomu ya mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, tumeijaza kwa ajili ya bati na matenki. Tunaomba kwako kisima, na mtaalamu wa uvuvi aikague ramani hii kabla hatujaweka tofali la kwanza, atuambie tulipokosea, kisha atusindikize kwenye kibali cha mazingira. Akisema karantini isogezwe, tutaisogeza siku hiyohiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi kina daftari la wageni. Ahadi zote mbili za kisima zimo, zimeandikwa na mikono yetu sisi. Leo tumeacha ukurasa mtupu, na mwekahazina atakuletea pamoja na kalamu kabla ya chakula. Tunaomba uandike wewe mwenyewe, pamoja na tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi,
kwa niaba ya wanachama 22