Kuhusu mshahara wa shemeji

Ndugu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifika salama. Unauliza kama, kwa kuwa shemeji sasa ameajiriwa, una haki ya kumtaka alipe nusu ya kodi ya nyumba, na hoja yako ni kwamba wewe ndiye msimamizi.

Aya unayoitegemea, ya 34 katika Suratun-Nisaa, umeisoma nusu. Mwenyezi Mungu amesema kuwa wanaume ni wasimamizi wa wanawake, kisha akataja sababu, mojawapo ikiwa ni mali wanazozitoa. Kwa hiyo usimamizi huo umefungamana na mfuko wako, wala huwezi kuushika mmoja ukauacha mwingine. Chakula, mavazi na makazi viko juu yako kwa kadiri ya uwezo wako, hata mkeo akiwa tajiri kukuzidi, na mshahara wake ni mali yake. Akitoa kwa ridhaa, hilo ni jambo jingine: Zaynab, mke wa Abdallah bin Mas'ud, alipouliza kama yafaa sadaka yake aitoe kwa mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, Mtume (S.A.W.) alimjibu kuwa ana malipo mawili, ya udugu na ya sadaka. Basi muombe, usimwamrishe. (Na akikataa usinune, maana nakufahamu.)

Kuhusu kazi za ndani ulizozigusa kwa mstari mmoja tu, wanazuoni wa madhehebu ya Kishafi wamesema kupika na kufua si wajibu wa mke kisheria, ingawa desturi imetuzoesha vingine. Bi Aisha (R.A.), mke wa Mtume, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Mimi nilikuwa nikiisimulia hadithi hiyo kwa watu huku nikingoja chai iletwe, mpaka asubuhi moja mke wangu aliporudi kutoka zamu ya usiku, nikamkuta jikoni na viatu bado miguuni, mkono mmoja unawasha jiko na wa pili umempakata mtoto. Nilimpokea mtoto, nami nikashindwa hata kumfunga nepi.

Msalimie sana shemeji. Ukipenda umwonyeshe barua hii, ila kodi ya mwezi huu ilipe kwanza.

Wasalaam,
Nduguyo