Kubadili tairi la Land Rover ya zamani nyumbani: kabla hujashika chuma

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja alituletea ringi tatu za Land Rover 109, ile ndefu ya zamani, na tyubu tatu mpya, zote zimetoboka. Alama ilikuwa ile ile: matundu mawili madogo yanayotazamana. Matairi aliyavisha mwenyewe Jumamosi, na Jumapili asubuhi akakuta gari limekaa chini. Akatuambia tyubu za siku hizi ni feki. Tukamwomba atuonyeshe chuma alichobandulia. Ncha yake ilikuwa kali kama tindo, na upana wake ulilingana na matundu yale sawasawa.

Hapa Arusha Land Rover za zamani hazijaisha, na swali tunaloulizwa sana na wenye nazo ni hili: je, naweza kubadili tairi mwenyewe nyumbani? Unaweza, tena bila mashine. Ila kuna jambo moja lazima ulielewe kwanza.

Ndani ya mdomo wa tairi, yaani ukingo wake unaokaa kwenye ringi, mna waya wa chuma usiotanuka. Kingo za ringi ni pana kuliko mdomo huo, ndiyo maana tairi halichomoki barabarani. Sasa litatokaje? Itazame ringi ikiwa tupu: katikati pamezama kama mtaro. Sisi tunauita bonde, na umewekwa kwa kazi hiyo tu. Unapobandua mdomo upande ulipo wewe, upande wa pili lazima uwe umezama bondeni, hapo ndipo unapata nafasi. Ukijikuta unavuta hadi mishipa ya shingo inasimama, jua mdomo umepanda kutoka bondeni. Acha kuvuta. Piga magoti juu ya tairi upande wa pili, uuzamishe tena. Ukilazimisha utakata waya, na tairi lenye waya uliokatika ni la kupelekea washona katambuga.

Bonde lenyewe halikai katikati kabisa. Tafuta upande ambao liko karibu zaidi na ukingo, weka upande huo juu, utolee na kuvishia hapo.

Kazi huanza kwa kutoa upepo wote: fungua kisindano kilicho ndani ya valvu, usitosheke na kukibonyeza. Mdomo ukiwa umegandana na ringi kwa kutu, laza gurudumu chini ya chesisi, weka jeki juu ya tairi karibu na ukingo wa ringi, upige pole pole mpaka uachie. Anza kubandua penye valvu. Wakati wa kuvisha ni kinyume: anzia mbali na valvu, umalizie penye valvu, kwa sababu hapo tyubu huzuia mdomo usizame. Paka maji ya sabuni. Usipake oili wala grisi, zinakula mpira.

Tyubu ndiyo inayoponza wengi. Ijaze upepo kidogo tu, ishike umbo la duara, uipake poda ya mtoto kabla ya kuiingiza. Tyubu iliyolegea kabisa hujikunja chini ya chuma, na hapo ndipo mteja wetu alipopoteza tatu. Kabla ya kujaza, isukume valvu ndani kidogo kuhakikisha tyubu haijabanwa na mdomo. Jaza, toa upepo wote, kisha jaza tena, ili mikunjo ijinyooshe. Mdomo ukikataa kukaa, usipite psi 40. Toa upepo, ongeza sabuni, rudia.

Kuna wanaoambiwa waachane na tyubu, wavishe tairi kama la gari la kisasa. Kwa ringi za zamani hatukubali. Baadhi zimeunganishwa kwa ribiti na upepo hupenya hapo, na nyingi hazina kile kinundu kinachoshika mdomo wa tairi lisilo na tyubu. Presha ikishuka na ukakata kona, tairi linabanduka.

Ringi ikiwa tupu, isugue kutu kwa brashi ya waya na msasa hadi iwe laini, maana kutu ni msumeno kwa tyubu. Rangi, lakini, iwe nyembamba pale nati zinapokaa. Tumeona magari yaliyopendezeshwa kwa sherehe yakirudi na nati zimelegea, kisa rangi nene iliyosagika chini yake. Hata ukipaka vizuri, kaza tena baada ya kilomita 50 hivi.

Na kashata za tairi, yale meno yanayokanyaga barabara, zisikudanganye. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la gari lililoegeshwa muda mrefu juani linaweza kuwa na kashata nzima huku ubavu umejaa nyufa.

Kazi moja tunakuomba usiijaribu nyumbani: ringi za vipande viwili zilizofungwa kwa nati, na zile za malori zenye pete ya chuma. Ukikosea ukafungua nati zinazounganisha vipande hivyo tairi likiwa na upepo, au pete ikikaa vibaya wakati wa kujaza, chuma huruka na huua. Sisi tunazijazia ndani ya kizimba cha chuma. Zilete kama zilivyo, na kama unaweza, toa upepo kabla ya kupakia.