Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Shilingi Mia Tano kwa Mwezi

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na wote karibuni. Naona kina baba mwaka huu mmefika tisa. Mwaka jana mlikuwa wawili, na mmoja wenu alikuja kumfuata mkewe. Tunakwenda vizuri.

Katiba yetu inanitaka nisome mambo ya mwaka mzima. Nitayasoma, lakini nimeiomba kamati ruhusa sehemu kubwa ya taarifa iende kwenye jambo moja: fedha za Serikali zinazoingia shuleni kwa ajili ya watoto wetu wa kitengo cha elimu maalumu, zinahesabiwaje, na kwa nini tukiziulizia hazionekani. Nimefanya hivyo kwa sababu mwaka huu tumegombana na watu wengi, na kwa hesabu yangu nusu yao hawakuwa na hizo fedha tulizokuwa tunawadai.

Nianze na Machi. Mtakumbuka shimesikio, vile vifaa vya kusaidia kusikia, za watoto watano zilinyamaza ndani ya wiki moja. Hazikuharibika, betri ziliisha tu. Tulikwenda kina mama saba ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na mimi ndiye niliyetangulia, mdomo nimeshaunoa tangu nyumbani. Nikamwamkia, nikamwuliza: elimu ni bure, fedha za kitengo ziko wapi? Mwalimu hakubishana. Alivuta droo, akatoa kaunta buku, akaigeuza tuisome wenyewe. Ukurasa wa Februari. Juu kabisa imeandikwa ruzuku ya uendeshaji, wanafunzi 840, shilingi 420,000. Chini yake luku ya umeme, maji, chaki, karatasi za majaribio, nauli ya kupeleka taarifa wilayani, kitasa cha choo cha wasichana. Salio shilingi 6,300. Nikatafuta neno kitengo kwenye ukurasa ule, sikuliona. Nikamwuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini. Akasema, "Mama, hawa thelathini na mmoja wamo humo humo kwenye mia nane arobaini."

Hapo ndipo darasa letu lilipoanza, na ninaomba tulifahamu wote maana mwakani tutalihitaji.

Ruzuku inakuja kwa kichwa. Kila mtoto wa shule ya msingi ya Serikali ana shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huja shuleni, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 fedha hizi huingia kwenye akaunti ya shule moja kwa moja, hazizunguki halmashauri. Hilo ni jema na tulipongeze. Lakini kiwango chenyewe ni cha zamani sana. Kilitokana na MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, ulioendana na kufutwa kwa ada ya shule za msingi na kuweka dola 10 kwa kila mtoto. Dola 10 za wakati ule zilikuwa karibu na shilingi 10,000. Dola 10 za mwaka huu ni kama shilingi 25,000. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule leo anaweza kuwa na mtoto wake darasani, na mtoto huyo analetewa shilingi zile zile.

Haya basi, chukua watoto wetu 31 mara 500. Ni shilingi 15,500 kwa mwezi kwa kitengo kizima, hata kama Mwalimu Mkuu angezitenga zote asiguse hata shilingi ya luku. Kifungashio kimoja cha betri sita tulinunua kwa 12,000, na kwa mtoto mwenye vifaa masikio yote mawili hakifiki miezi miwili. Mashine ya nukta nundu, yaani ya kuandikia maandishi ya wasioona, ile ya Perkins, tulipouliza bei tuliambiwa milioni mbili na ushee. Mweka Hazina alinipigia hesabu nyuma ya bahasha: fedha ya kitengo chote ikitiwa kwenye kibubu bila kuguswa, mashine moja ingepatikana baada ya miaka kama kumi na moja. Yule binti wa darasa la nne aliyekuwa anaingojea angekuwa ameshaolewa.

Kwa haki niseme kwamba si kila kitu kinategemewa kutoka kwenye hiyo ruzuku. Mishahara ya walimu inatoka Hazina, iko mbali kabisa na hesabu hii, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Vifaa vikubwa kama mashine za nukta nundu na shimesikio Wizara huvinunua na kuvigawa. Vitabu vya nukta nundu na vya maandishi yaliyokuzwa vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu. Watoto wanaolala bweni kwenye shule za Serikali wana fungu lao la chakula, ambalo elimu bila malipo ilipoanza lilikuwa shilingi 1,500 kwa siku kwa kila mtoto. Na majengo yana miradi yake: mradi wa BOOST peke yake ni mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Dunia kwa elimu ya awali na msingi.

Tatizo, kwa jinsi ninavyoliona baada ya mwaka wa kuzunguka ofisi, liko katikati ya hayo yote. Kifaa kina mwenyewe, betri haina mwenyewe. Mashine ina mwenyewe, karatasi nene za kuandikia na fundi wa kuitengeneza havina. Mtoto wa bweni ana chakula. Wa kwetu wanarudi nyumbani, kwa hiyo hawamo. Na usafiri ndiyo kabisa. Mama mmoja wa kule juu mlimani, ambaye mtoto wake ana mtindio wa ubongo na hawezi kupanda daladala, analipa bodaboda 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Siku ishirini za shule ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Serikali inamletea shuleni 500 ya mtoto huyo. Yeye anaongeza 60,000 ili mtoto afike kuitumia hiyo 500. Watoto wetu wanne waliacha shule mwaka huu, na ukiniuliza mimi, wote wanne ni nauli.

Wenzetu wa Kenya wanatoa ruzuku ya kawaida kwa kila mtoto, halafu mwenye mahitaji maalumu anaongezewa fungu juu yake. Sisemi kwao mambo yote yamenyooka, nimesikia kilio chao pia. Nasema tu kwamba yule mtoto kwenye karatasi anaonekana ni tofauti. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na tuna Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na maneno yake ni mazuri, lakini inapofika siku ya kugawa ruzuku mtoto anayehitaji mashine ya milioni mbili na mtoto anayehitaji kalamu wanahesabiwa sawasawa, kichwa na kichwa.

Na afadhali basi wote wangehesabiwa.

Mwezi Agosti Katibu wetu, kwa ule ubishi wake tunaoujua, alichukua orodha ya wanachama akailinganisha na takwimu za shule zilizobandikwa ubaoni. Sisi 31, ubao 25. Akarudia mara mbili. Watoto sita hawakuwapo. Shule ilipohamisha majina kutoka kwenye rejista na kuyaingiza kwenye mfumo wa kompyuta, watoto sita wenye ulemavu wa akili na usonji waliachwa, na wameachwa kwa miezi miwili. Kijana wangu ni mmojawapo. Nilipomwendea mwalimu anayeingiza takwimu, hakuwa na ubaya wowote. Alinionyesha kwenye kioo. "Mama, mfumo unaniuliza darasa. Huyu niseme yuko la ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ana miaka kumi na tatu. Tangu Juni anaweza kufunga kamba za viatu mwenyewe, anahesabu hadi kumi na mbili akiwa hana haraka, na anajua siku ya Ijumaa bila kuambiwa. Hilo ni la ngapi?

Watoto sita mara mia tano ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Bei ya soda nne. Kuna mwanachama aliniambia, Mwenyekiti, kwa soda nne unatupandisha vilima? Nikamjibu, na ninarudia mbele yenu, kwamba silii soda. Takwimu ile ile ndiyo inayotumika kuomba mwalimu wa elimu maalumu, ndiyo inayotumika kupanga vifaa vya kugawa, ndiyo inayoonyesha kama darasa jingine linahitajika. Mwaka huu mwalimu wetu mmoja kati ya watatu alihamishwa, na nafasi yake hadi leo iko wazi. Huwezi kudai mwalimu wa watoto ambao karatasi inasema hawapo. Ilipofika Septemba wote sita walikuwa wameingizwa, kwa darasa linalokaribiana na umri wao. Si jibu zuri, lakini wapo.

Kuhusu halmashauri. Mwezi Mei tulipeleka barua kuomba kasma, yaani fungu kwenye bajeti, ya vifaa saidizi na usafiri kutoka mapato ya ndani. Afisa elimu maalumu alitupokea vizuri sana, akatupa na chai, kisha akatueleza kwamba bajeti ya 2024/25 ilishapita baraza la madiwani muda mrefu. Tulikuwa tumebisha hodi nyumba ambayo watu wameshakula na vyombo vimeoshwa. Lawama ya hilo ni yangu. Safari hii tumepeleka barua Novemba, kabla rasimu ya 2025/26 haijakamilika, na tumeambatanisha orodha ya watoto 31, kila mmoja na kinachohitajika na bei yake. Tumeomba jambo dogo: betri, karatasi za nukta nundu, matengenezo ya mashine, mafuta ya kukinga jua kwa watoto watatu wenye ualbino, na nauli kwa watoto saba wasioweza kutembea. Jumla yake iko ukurasa wa mwisho wa barua, na Katibu ana nakala. Diwani ametuahidi kuisimamia. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa tarehe 27 Novemba nao wameahidi, ila nawakumbusha kwamba waliahidi kabla ya kura, na mimi kura huwa nasubiri ikauke wino.

Wengi mmekuwa mkiuliza juu ya ile asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 2 yake ni ya watu wenye ulemavu, kwamba kwa nini isilipe nauli za watoto. Ile ni mikopo kwa ajili ya biashara. Haina riba lakini inarudishwa. Ilisimama Aprili 2023, mwaka huu imerejea, na mwenye nia ya biashara aje tumwelekeze. Si fedha ya shule.

Kwa upande wa mfuko wetu, ada zimelipwa na wanachama 22 kati ya 31. Tulinunua betri mara tatu, tulitengeneza mashine moja kati ya mbili zilizokufa, na Mwalimu Mkuu alituandikia risiti ya karatasi tulizotoa. Mweka Hazina atasoma vocha moja moja baada yangu. Suala la kuchangishana kwa lazima lililoletwa na baadhi yenu kamati imelikataa. Michango ya lazima shuleni ilishapigwa marufuku, na hata isingepigwa, mama anayelipa 60,000 za bodaboda simwongezei mzigo mwingine kwa jina la chama.

Semina ya lugha ya alama kwa wazazi ilifanyika Jumamosi nne. Walioanza walikuwa kumi na nne, waliomaliza sita. Kina baba, nyie tisa, Januari inaanza upya.

Kipindi changu kinaisha leo na fomu za uongozi ziko kwa Katibu. Yeyote atakayekalia kiti hiki, kazi ya kwanza inamsubiri shule zitakapofunguliwa: takwimu za mwaka mpya. Kwa hiyo kabla hamjakwenda kwenye chai, daftari liko mezani pale mlangoni. Kila mmoja aangalie jina la mtoto wake, mwaka wa kuzaliwa na namba ya cheti. Mwaka huu miaka ya kuzaliwa tulikosea mitatu, na mmoja tulimwandika amezaliwa kabla ya mama yake.

Mwenyekiti